Mwongozo kamili: Kuitembelea Rochdale kwa siku moja na kuuona mji wa ushirika ipasavyo

Wanaushirika, wanafunzi na mashabiki wa mpira wanaofika Manchester wamekuwa wakiniletea malalamiko yaleyale kuhusu Rochdale. Wapo waliofika wakakuta mlango wa makumbusho umefungwa. Wapo walioshuka stesheni, wakaona barabara na maegesho ya magari, wakadhani mji wenyewe ndio huo, wakageuza na treni iliyofuata. Na wapo walioingia katika duka la Toad Lane, lile ambalo Waasisi wa Rochdale walilifungua mwaka 1844 likawa mfano wa vyama vya ushirika duniani, na ambalo leo ndilo makumbusho yenyewe, wakapiga picha mbili tatu, wakatoka wanaulizana: "Ndiyo hii tu?"

Rochdale iko kilomita 16 hivi kaskazini-mashariki ya Manchester, chini ya vilima vya Pennines. Watalii wengi huupita wakielekea Leeds au York. Lakini kila aliyewahi kukaa kwenye semina ya ushirika, iwe Moshi, Karagwe au Kericho, amelisikia jina lake. Mji huu unataka maandalizi kidogo na mpangilio mzuri wa saa. Ukivikosa hivyo viwili, utarudi umechoka na hujaona kitu.

Historia ndefu nimeiacha. Nimeitia pale tu ambapo bila hiyo hutaelewa unachokitazama.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Pasipoti na ruhusa ya kuingia Uingereza (soma hatua ya 2).
- Kadi ya benki ya kugusisha inayokubalika nje ya nchi yako. Ndiyo itakayolipa tramu na chakula. Iulize benki yako mapema kama imefunguliwa kwa matumizi ya ng'ambo.
- Pauni chache taslimu, kwa sanduku la michango na dharura.
- Simu yenye bando na ramani iliyopakuliwa.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli hautoshi, maana upepo wa vilimani huupindua.
- Viatu vyenye soli inayoshika. Sehemu ya Toad Lane imetandikwa mawe, na mawe hayo yakilowa huteleza.
- Daftari dogo na kalamu. Hatua ya 5 inavihitaji.
- Kama wewe ni kiongozi au mwanachama wa chama: nakala ya masharti ya chama chako. Utaona kwa nini.

Wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda hawahitaji adapta ya umeme, kwa kuwa plagi ya Uingereza ndiyo hiyohiyo ya miguu mitatu bapa. Wa Burundi, Rwanda na Kongo wabebe.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwanza, tiketi baadaye

Hapa ndipo wengi huharibu safari wakiwa bado nyumbani. Wananunua tiketi ya bei nafuu, kisha siku ikifika wanagundua kuwa mlango haufunguliwi.

Makumbusho ya Waasisi wa Rochdale hayafunguliwi siku zote saba za wiki. Ukumbi wa mji nao una ziara za kuongozwa zenye saa zake, na mara nyingine ukumbi mkubwa hufungwa kwa sababu ya harusi au hafla. Kwa hiyo fanya mambo mawili kwa siku hiyohiyo: fungua tovuti ya makumbusho uone siku na saa, halafu fungua ya ukumbi wa mji uone ziara. Siku inayokubali vyote viwili ndiyo siku yako. Kwa kawaida katikati ya wiki ni salama kuliko mwanzo wake au mwisho wake.

Angalia na msimu pia. Mwezi Desemba giza huingia tangu saa 10 jioni. Kati ya Mei na Agosti una mwanga mpaka usiku, na hapo ndipo kupanda ngazi za kanisani (hatua ya 8) kunapokuwa na faida.

Tahadhari: Wanaushirika wengi wanatamani kufika tarehe 21 Desemba, siku ambayo duka lilifunguliwa mwaka 1844. Ni matamanio mazuri, ila hakikisha ratiba mara mbili. Wiki hiyo ni ya Krismasi, ofisi nyingi zinafunga, na tarehe 25 hakuna treni kabisa.

Utajua umefaulu ukiwa na tarehe moja, saa ya ziara ya ukumbi wa mji iliyothibitishwa, na saa ya makumbusho uliyoiandika mahali.

## Hatua ya 2: Ruhusa ya kuingia

Kama unaishi Uingereza tayari, ruka hatua hii.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza inayoitwa Standard Visitor. Unaiomba mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, unalipa, kisha unakwenda kituo cha maombi kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Unaweza kuomba hadi miezi 3 kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Usikae mpaka wiki ya mwisho.

Viza hiyohiyo inaruhusu utalii, kutembelea ndugu na kuhudhuria mikutano. Msafara wa chama cha ushirika unaingia humo, mradi useme ukweli kuhusu madhumuni na uonyeshe nani analipa. Karatasi yoyote ya Kiswahili, kama barua ya chama au kumbukumbu za mkutano, iambatane na tafsiri rasmi ya Kiingereza.

Wenye pasipoti za Oman na nchi nyingine za Ghuba, Marekani, Kanada na Umoja wa Ulaya hawaombi viza kwa ziara fupi, lakini wanahitaji kibali cha kielektroniki kinachoitwa ETA kabla ya kupanda ndege.

Tahadhari: Ada hubadilika mara kwa mara. Bei uliyotajiwa na rafiki aliyesafiri mwaka juzi si ya kuamini. Wapo pia matapeli wenye tovuti zinazofanana na ya serikali. Ya kweli inaishia na gov.uk.

## Hatua ya 3: Fika Manchester, si lazima upitie London

Watu wetu wamezoea kushukia Heathrow hata kama safari yao ni ya kaskazini. Huna haja. Uwanja wa ndege wa Manchester unapokea ndege za moja kwa moja kutoka Dubai, Doha na Istanbul, miji ambayo tayari ina ndege za kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Unaokoa nusu siku na nauli ya treni.

Ukiwa London tayari, panda treni kutoka kituo cha Euston hadi Manchester Piccadilly, mwendo wa saa mbili na dakika chache. Tiketi iliyokatwa wiki kadhaa kabla huwa na bei ya chini sana kuliko ya kununua dirishani siku hiyohiyo, ila inakufunga kwenye treni moja. Ukiikosa treni hiyo, tiketi imekwisha kazi.

Kutoka Piccadilly unahitaji kuhamia kituo kingine, Manchester Victoria. Ni tramu ya dakika chache, au mwendo wa miguu wa kama dakika 20 katikati ya jiji.

Kuhusu saa: ratiba zote zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Ukiwa na wazee katika msafara, waandikie saa zote kwa mtindo wetu kwenye karatasi kabla ya kutoka hotelini.

## Hatua ya 4: Victoria hadi Rochdale, treni au tramu

Njia ni mbili, na kila moja ina mtego wake.

Treni. Ni ya haraka, takriban dakika 15 hadi 20. Mtego ni kwamba bodi ya matangazo hutaja kituo cha mwisho, na treni nyingi zinazopita Rochdale zinaendelea mbele hadi Leeds na kwingineko. Mtu anatafuta neno Rochdale, halioni, anabaki kwenye benchi treni tatu zikipita. Soma orodha ndogo ya vituo chini ya jina la mwisho, au muulize mfanyakazi aliye getini. Kata tiketi kabla ya kupanda.

Mtego wa pili ni kwamba stesheni ya treni haiko katikati ya mji. Ukitoka nje utaona barabara, kanisa lenye kuba upande wa pili, na hakuna dalili ya mji wa kihistoria. Usikate tamaa hapo. Vuka, upande tramu kituo kimoja tu hadi Rochdale Town Centre, au tembea kama robo saa.

Tramu. Inachukua karibu saa nzima kwa sababu inazunguka kupitia Oldham, lakini inakushusha katikati ya mji bila kubadilisha. Gusisha kadi kwenye mashine ya njano kituoni kabla ya kupanda, na ugusishe tena ukishuka. Hakuna kondakta wa kukukumbusha, na wakaguzi hutoza faini bila kusikiliza maelezo. Hakikisha pia tramu yako imeandikwa Rochdale. Baadhi huishia Shaw and Crompton.

Ushauri wangu: nenda kwa treni asubuhi ili uwahi, rudi kwa tramu jioni. Tramu inapita katikati ya miji ya zamani ya pamba, na viwanda vya matofali mekundu bado vimesimama kando ya reli.

Utajua umefaulu ukishuka Rochdale Town Centre kabla ya saa 5 asubuhi.

## Hatua ya 5: Toad Lane, na ukae humo angalau dakika 90

Kutoka kituo cha tramu, weka kwenye ramani namba 31 Toad Lane. Ni mwendo wa kama dakika 10.

Watu hupotea hapa, na sababu ni rahisi. Toad Lane ya leo ni kipande kifupi tu cha mtaa wa zamani. Sehemu kubwa ilimezwa na maduka ya kisasa, na barabara pana ya St Mary's Gate ikaikata. Ramani itakuonyesha umekaribia huku mbele yako kuna magari tu. Tafuta taa za waenda kwa miguu, vuka, na upande wa pili utaona mawe ya mtaa, nyumba chache za matofali na kanisa la St Mary. Jengo la ghorofa lenye dirisha la duka ndilo lenyewe.

### Unachokiona

Chumba cha chini kimepangwa kama duka lilivyokuwa usiku wa tarehe 21 Desemba 1844. Ni kidogo. Sakafu na kuta hazina mapambo. Kuna ubao uliolazwa juu ya mapipa kama kaunta, mizani, na bidhaa chache. Ukubwa wake ni kama wa genge la mtaani kwetu, na ndiyo maana wageni huvunjika moyo.

Sasa toa daftari uandike hesabu hii, kisha ukitazame chumba upya. Wanachama 28 walichanga pauni 28, pauni moja kila mmoja, wengi wakilipa peni mbili tatu kwa wiki kwa sababu mishahara ya wafumaji ilikuwa duni. Baada ya kodi ya nyumba na matengenezo, zilibaki pauni 16 na ushee za kununulia mali. Walinunua siagi ratili 28, yaani kama kilo 13, sukari ratili 56, kama kilo 25, unga wa ngano kama kilo 300, gunia moja la unga wa oti, na mishumaa. Basi. Mwanzoni walifungua jioni mbili tu kwa wiki, maana mchana kila mtu alikuwa kazini kwake.

Simama mbele ya mizani. Zama zile wenye maduka walichanganya chaki kwenye unga, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa yakauzwa tena. Maskini aliyekuwa na deni dukani hakuwa na sauti ya kulalamika. Mizani ile ilikuwa ahadi kwamba ratili ni ratili, na unga ni unga.

### Maswali ya kuuliza

Wahudumu wa makumbusho wanaijua kazi yao na wanapenda kuulizwa. Usiwaulize duka lilianza lini, hilo limeandikwa ukutani. Uliza haya:

Kwa nini walikataa mkopo? Kwa sababu walikwisha kuumia. Kulikuwa na duka la ushirika la awali katika mtaa huohuo wa Toad Lane, likafungwa mwaka 1835, na madeni ya wateja ndiyo yaliyoliua. Baadhi ya waliolianzisha lile la kwanza, kama Charles Howarth, walikuwemo katika la pili. Safari hii kanuni ikawa malipo taslimu. Mwenyekiti wa chama cha msingi anayesumbuliwa na madeni ya pembejeo atakaa hapa muda mrefu.

Gawio liligawanywaje? Kwa kiasi cha manunuzi. Mama aliyenunua bidhaa za pauni 10 alipata mara mbili ya aliyenunua za pauni 5, hata kama hisa zao zililingana. Mtaji ulilipwa riba yenye kikomo. Aliyelitumia duka zaidi ndiye aliyefaidi zaidi, na mwenye pesa nyingi hakuweza kulinunua duka zima.

Kura ilikuwaje? Mtu mmoja kura moja, mwanamume kwa mwanamke. Eliza Brierley aliingia uanachama mwaka 1846, wakati ambapo sheria ya Uingereza bado haikumruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali kwa jina lake. Jambo hili linanigusa kila nikilifikiria, maana bado kuna vyama kwetu ambavyo mama analima kahawa na jina kwenye daftari ni la baba.

Elimu ililipiwa na nani? Na ziada ya duka. Walitenga asilimia 2.5 kwa ajili ya elimu, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea. Wafumaji waliokuwa wakifanya kazi mchana kutwa walikuja jioni kusoma magazeti.

Hapo ndipo unapotoa masharti ya chama chako. Keti ghorofani kwenye maonyesho, pitia kifungu kwa kifungu: uanachama wa hiari, kura, gawio, elimu. Ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, uliandikishwa mwaka 1933, na vyama vya akiba na mikopo vya Kenya na Tanzania vilivyokuja baadaye vinabeba kanuni hizihizi, ambazo Muungano wa Kimataifa wa Ushirika ulizifanyia mapitio ya mwisho mwaka 1995. Weka alama kwenye kila kifungu unachokiona ukutani. Weka alama nyingine kwenye kila kifungu kilichomo katika masharti yenu lakini hakitekelezwi. Orodha hiyo ya pili ndiyo ya kupeleka kwenye mkutano mkuu.

Tahadhari: Kundi la watu wengi lisifike bila taarifa. Chumba cha duka hakibebi watu 20 kwa pamoja. Andika wiki kadhaa kabla, taja idadi na lugha, na gawanya watu katika makundi.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu ambaye hakuja, bila kusoma popote, namna pauni 28 zilivyogeuka kuwa duka lililodumu wakati lile la kwanza lilikufa.

Kabla ya kushuka mjini, tazama na kanisa la St Mary lililo jirani. Ndani lina kazi ya Ninian Comper, mmoja wa wasanifu wakubwa wa makanisa wa mwanzo wa karne ya 20. Likiwa wazi, ingia.

## Hatua ya 6: Kula, na kuswali

Shuka kuelekea Yorkshire Street na katikati ya mji. Rochdale ina jamii kubwa yenye asili ya Pakistani na Bangladeshi, hivyo chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi na misikiti ipo karibu. Mchele, kuku wa kuchoma, chapati na chai ya maziwa utavipata kwa bei nzuri kuliko Manchester.

Anayetaka chakula cha wenyeji aulize rag pudding, nyama ya kusaga iliyofungwa kwenye unga wenye mafuta ya ng'ombe na kupikwa ndani ya kitambaa. Ni chakula cha watu wa viwandani wa Oldham na Rochdale, kinashibisha, na siku ya baridi kinafaa sana. Waislamu waulize kwanza mafuta na nyama vimetoka wapi.

## Hatua ya 7: Mto, mnara wa mashujaa, kisha ukumbi wa mji

Ukishuka utafika kwenye mto Roch. Kwa miongo mingi ulikuwa umefunikwa kwa zege, magari yakipita juu. Mwaka 2016 sehemu ya katikati ilifunuliwa, na daraja la mawe la zama za kati likaonekana tena. Inama utazame matao yake. Usipite tu.

Mbele kidogo kuna mnara wa kumbukumbu wa waliokufa vitani, uliosanifiwa na Edwin Lutyens na kuzinduliwa mwaka 1922. Bendera zake zimechongwa kwa jiwe na kupakwa rangi, kwa hiyo hazipepei hata upepo uvume vipi. Katika uwanja huohuo kuna sanamu ya Gracie Fields, mwimbaji aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1898 juu ya duka la samaki na chipsi.

Nyuma yao ndipo ulipo ukumbi wa mji. Wageni wengi huupiga picha kwa nje na kuondoka. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote ya siku hii baada ya lile la kufika siku isiyofaa.

Jengo lilisanifiwa na William Henry Crossland na kufunguliwa mwaka 1871, kwa gharama iliyofika pauni 160,000, fedha nyingi mno kwa mji wa ukubwa ule. Mnara wa kwanza uliungua mwaka 1883. Huu unaouona, wa takriban mita 58, ni wa Alfred Waterhouse. Baada ya ukarabati mkubwa, milango ilifunguliwa tena mwaka 2024, na rangi zilizokuwa zimefichwa na moshi na vumbi zimerudi.

Fuata mpangilio huu ndani:

1. Anzia chini, kwenye Exchange. Ni ukumbi wa nguzo na vigae uliokusudiwa wafanyabiashara wa nguo. Tazama sakafu kabla ya dari.
2. Panda ngazi kuu taratibu. Mwanga unaotoka kwenye vioo vya rangi hubadilika unavyopanda.
3. Ingia Great Hall, keti, inua kichwa. Malaika wa mbao wamechongwa kwenye mihimili ya paa. Yape macho yako dakika tano yazoee, kisha utaanza kuona nyuso.
4. Geukia mchoro mkubwa wa ukutani wa Henry Holiday, unaoonyesha Mfalme John akitia muhuri Magna Carta, hati iliyomwekea mfalme mipaka, mwaka 1215. Tazama uso wa mfalme.
5. Tafuta Oliver Cromwell kwenye vioo. Vioo vinawaonyesha wafalme na malkia wa Uingereza, na katikati yao yumo mmoja wa waliotia saini hati ya kumkata mfalme kichwa. Mji wa wafumaji wasiopenda kuburuzwa ulimweka humo kwa makusudi.

Uzuri wote huu ulilipiwa na pamba na sufu, na sehemu kubwa ya pamba ya Lancashire, jimbo la viwanda ambamo Rochdale ilikuwemo, kabla ya mwaka 1861 ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, pamba ilikatika, viwanda vikasimama, na maelfu ya familia hapa zikalala njaa. Hata hivyo mbunge aliyezaliwa mjini hapa, John Bright, alisimama hadharani upande wa Kaskazini dhidi ya utumwa. Mwulize mwongozaji kuhusu hilo. Kimya cha wageni kwenye jambo hili huwafanya waongozaji waishie kwenye vioo na malaika.

Utajua umefaulu ukitoka nje shingo inauma.

## Hatua ya 8: Ngazi za St Chad na sanamu ya Bright

Nyuma ya ukumbi wa mji kuna bustani, na kutoka hapo ngazi za mawe zaidi ya 120 zinapanda hadi kanisa la St Chad. Simulizi ya wenyeji inasema kanisa lilikusudiwa kujengwa chini kando ya mto, lakini kila usiku mapepo yalihamisha mawe juu ya kilima, mpaka wajenzi wakasalimu amri.

Panda bila haraka. Ukifika juu geuka: mnara wa ukumbi wa mji uko mbele yako, mji umetandaa chini, na Pennines zimeuzunguka. Kwa picha moja tu ya siku, ipige hapa.

Jirani ni Broadfield Park, ilipo sanamu ya John Bright. Baada ya kusikia habari zake ukumbini, sanamu itakuwa na maana.

Tahadhari: Wenye matatizo ya magoti au moyo wasilazimishe ngazi, kuna barabara inayozunguka, na teksi ni dakika chache. Wakati wa barafu usizipande kabisa.

## Ukibaki na siku ya pili

Hollingworth Lake ni ziwa lililochimbwa kuupa maji mfereji wa Rochdale, ambao ulifunguliwa wote mwaka 1804. Wafumaji wasio na nauli ya baharini waligeuza ziwa hili kuwa pwani yao, na Matthew Webb alifanya mazoezi hapa kabla ya kuogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwaka 1875. Panda treni kituo kimoja hadi Smithy Bridge, kisha tembea kama dakika 20. Familia zenye watoto wasilikose.

Wenye miguu imara waende Rooley Moor Road, barabara ya mawe juu ya nyika. Sehemu yake ilitandikwa na wafanyakazi waliokosa kazi wakati ule pamba ilipokatika, wakilipwa kwa kuvunja na kupanga mawe. Nenda siku kavu, na mwenzako, ukiwa na maji na chakula, na mweleze mtu utarudi saa ngapi. Ukungu ukishuka huko juu huoni hatua kumi mbele.

## Hatua ya 9: Safari ya kurudi

Rudi Rochdale Town Centre, gusisha kadi, na uhakikishe tramu imeandikwa East Didsbury. Hiyo hupita Victoria. Kaa dirishani. Usiku ukiwa umeingia, tramu hupungua, kwa hiyo angalia ratiba ukiwa bado unakula na si ukiwa umesimama kituoni kwenye mvua. Ukishuka Manchester, gusisha tena kabla ya kutoka. Usipofanya hivyo mfumo haujui umeshukia wapi na utakutoza nauli ya juu.